Kuku Wawili Niliowachinja kwa Hoja

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilikuwa mtu mwenye shahada moja na kiburi cha shahada tatu. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya elimu ya dini katika chuo kidogo kilichokaa kilimani, nje kidogo ya mji wa Nachingwea. Chuo kilikuwa cha dini zote. Tulikuwamo Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, na dada mmoja Mhindu ambaye wazazi wake walikuwa na duka Lindi. Wote tulikuwa watu wazima wenye digrii, na kila mmoja wetu aliamini kimoyomoyo kwamba wenzake wamekuja pale kujifunza kutoka kwake.

Watu wa mjini hawakujua watuite nini. Wengine walisema chuo cha mapadri, wengine chuo cha mashehe, na mwenye duka tulikonunua sukari alituita chuo cha wabishi. Huyo ndiye aliyekaribia ukweli. Alfajiri iliadhiniwa, baadaye kidogo ikalia kengele ya misa, kisha Walutheri wakaimba, na baada ya hapo sote kwa pamoja, bila kubagua dini, tulilalamikia uji. Tuliweza kuzungumzia huruma ya Mungu kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, lakini kupanga zamu ya kusafisha choo kulitushinda muhula mzima. Mwishowe mkuu wa chuo alishika ufagio mwenyewe, tukaona haya, zamu ikapangwa siku hiyohiyo.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mmwera kutoka Likunja, upande wa Ruangwa. Mimi ni Mmakua. Wazazi wangu walihamia Mtua kutoka Masasi, na baba yangu alikuwa katekista pale. Kwa hiyo mwenzangu aliniita Katekista, nami nikamwita Shehe, ingawa kila mara alinikatalia. "Mimi si shehe," alisema. "Mimi nimesoma tu." Mkeka wake wa kuswalia na rozari yangu vilining'inia kwenye msumari mmoja, kwa sababu chumba kilikuwa na msumari mmoja. Wageni walipokuja niliwaonyesha msumari ule na kuwahutubia juu ya umoja. Shehe alingoja nimalize, halafu akawauliza kama wangependa chai.

Sasa, huku kwetu mambo ya nyama yana utaratibu ambao hakuna aliyeuandika na hakuna asiyeujua. Mnyama atakayeliwa na watu wa dini zote huchinjwa na Mwislamu. Siku ya Krismasi baba yangu alikuwa ananituma kwa jirani yetu kumwita aje atuchinjie. Jirani alikuja na kisu chake, akachinja, akanawa, akakaa, akala wali wa Krismasi pamoja nasi. Nilikua nikidhani kwamba jirani Mwislamu ni sehemu ya Krismasi, kama wimbo. Chuoni tulifuata utaratibu huohuo. Kila Ijumaa tulikula kuku, na aliyechinja alikuwa Shehe, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na hakupenda kuangaliwa akifanya hivyo.

Mimi nilikuwa kiongozi wa jiko. Wenzangu walinichagua kwa kuwa nilizungumza mno kwenye mikutano, wakaona bora nipewe kazi itakayonitoa ukumbini. Nami nikaichukua kazi hiyo kwa uzito wa waziri. Isitoshe, tasnifu yangu ilihusu kula pamoja kati ya watu wa dini mbalimbali. Nilikuwa na sura nzima juu ya sahani moja. Nilikuwa nimesoma maoni ya wanazuoni wa Kiislamu juu ya chakula cha watu waliopewa Kitabu, nikayanakili kwenye kadi, na kadi nikazipanga kwenye boksi la viatu. Kama kulikuwa na mtu Nachingwea nzima aliyejua zaidi yangu juu ya kula pamoja, sikuwa nimekutana naye.

Siku moja mwezi wa tatu, masika yakiwa yamekolea, Shehe alipata barua kutoka Likunja. Baba yake alikuwa ameshafariki, na kaka zake wakubwa walikuwa wamemjaza mama yao maneno: mdogo wao anasoma na mapadri, anakula nao, mwisho atarudi na msalaba shingoni. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Aliagiza mjukuu amwandikie mwanawe kwamba atakuja Ijumaa aone kwa macho yake mwenyewe. Akiridhika, sawa. Asiporidhika, Jumamosi watapanda basi pamoja, warudi nyumbani.

"Utamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini, Katekista? Mama ni mama. Akisema twende, naenda."

Alikuwa amebakiza nusu mwaka tu. Nilimjua mtu huyu. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye popo darini, naye aliingia mle asubuhi akatoka anatabasamu peke yake. Hakuwahi kuniambia kwamba anakipenda chuo. Lakini usiku ule aliikunja ile barua mara nne, akaikunjua, akaikunja tena, nami nikaelewa kwamba anaogopa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya jikoni aniachie mimi. Nikikumbuka sentensi ile hadi leo natamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, baada tu ya swala ya alfajiri, Shehe alishuka mjini kwenda kumsubiri mama yake stendi. Basi la kutoka Ruangwa lilitarajiwa asubuhi. Kabla ya kuondoka alipita jikoni, akawaangalia kuku wawili waliokuwa wamefungwa miguu karibu na pipa la maji, akaniambia waziwazi: "Hawa wasiguswe mpaka nirudi. Nitachinja mwenyewe, mama aone."

Mvua ikaanza. Saa nne, basi hakuna. Saa sita, hakuna. Enzi hizo hatukuwa na simu ya kumuuliza mtu amefika wapi. Ukimngojea mgeni, unangoja. Mvua ikinyesha, barabara ile ya udongo hugeuka uji, na basi likizama abiria hushuka wakasukuma. Shehe hakuweza kuondoka stendi, maana basi lingeweza kuingia wakati wowote. Na wale Waislamu wengine wa chuo walikuwa wamealikwa kwenye hitima Mkotokuyana, wameondoka tangu asubuhi. Ilipofika saa saba nilikuwa nimesimama jikoni na kuku wawili wazima wanaonitazama.

Mpishi wetu alikuwa mama mmoja wa Kimakonde, Mkristo kama mimi, mwenye umri wa kunizaa. Nikamwambia wageni watafika wakiwa na njaa wakute sufuria tupu, mama wa watu akasirike, Shehe achukuliwe.

"Ngoja," akasema.

"Tungoje mpaka lini, Mama?"

"Mpaka waje. Au shuka hapo chini uite mtu. Nyumba zote zile za Waislamu. Yeyote atakuja."

Alisema kweli. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwenda, kumi kurudi. Nitasema hapa jambo ambalo sikulisema siku ile. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Nilivinunua kwa ajili ya mgeni yule, vya ngozi, vyeusi, na ile njia ya kushuka kilimani ilikuwa tope tupu. Hiyo ndiyo sababu. Hakukuwa na nyingine.

Lakini mtu aliyesoma hakubali kushindwa na tope, hutafuta hoja. Nikaanza kufikiri. Nikakumbuka kadi zangu. Nikajiuliza, je, si imeandikwa kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali? Je, mimi si mtu wa Kitabu, tena mwana wa katekista? Je, hii si ndiyo hasa tasnifu yangu, ikitembea kwa miguu yake? Kufikia saa saba na nusu nilikuwa nimejithibitishia kwamba nikichinja mimi itakuwa hatua kubwa katika uhusiano wa dini Tanzania. Nikachukua kisu.

"Haraka haraka haina baraka," akasema mpishi.

Nikamweleza kuhusu wanazuoni. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kukuna nazi.

Niliwaelekeza kuku kibla. Nilitaja jina la Mungu kwa Kiarabu kama nilivyomsikia Shehe akifanya kila Ijumaa. Wa kwanza nilimchinja vizuri. Wa pili alinitoroka nikiwa nimemfungua miguu na kulegeza mkono, akazunguka pipa mara mbili, na viatu vyangu vikaingia kwenye tope lilelile nililokuwa nalikwepa. Nikamkamata, nikamaliza, nikasimama pale natokwa jasho, na nikahisi fahari. Nasema kweli tupu: nilihisi fahari.

Saa tisa mvua ikapungua, nao wakatokea kwenye njia ya kilima. Mama alikuwa mdogo wa umbo, kanga imelowa, miguu imejaa udongo mpaka magotini. Shehe alimbebea kikapu. Nikawapokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?" Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu anayekitumia sokoni tu.

Wakanawa, wakaswali, na mimi nikaharakisha chakula mezani kabla mtu hajauliza chochote. Harufu ilikuwa nzuri. Mpishi alikuwa ameupika mchuzi wa nazi kwa ustadi wake wote, ingawa hakuniongelesha tena. Shehe alipoona bakuli alinitazama kidogo, halafu nikaona mabega yake yameshuka. Nilijua anachofikiri. Anafikiri wenzake walichinja kabla ya kwenda Mkotokuyana. Ningeweza kumvuta pembeni nikamwambia. Sikumwambia. Nilikuwa nimechonga hotuba nzima kichwani ya kumweleza mama wa watu juu ya watu wa Kitabu, lakini nilipomwona amekaa pale, mzee, amechoka, hotuba ile ilikimbia kuliko yule kuku wa pili.

Mama akaweka mkono karibu na bakuli, akasita. Akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naandaa.

"Nani kachinja?"

Lilikuwa swali la kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Na mimi, katika nafasi ile ndogo, nikatafuta jibu litakalomfurahisha zaidi.

"Mwanao mwenyewe, Mama. Alfajiri, kabla hajaja kukupokea."

Uso wake ukafunguka. Akamgeukia Shehe, akasema neno kwa Kimwera, na hata mimi Mmakua nilielewa kwamba anamsifu. Kisha akachukua kipande.

Shehe angeweza kunyamaza. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Angenyamaza, mama yake angekula akashiba akaridhika, Jumamosi angerudi Likunja kuwanyamazisha wale kaka, naye angebaki na maktaba yake. Kila alichokitaka kilikuwa mezani. Badala yake alinyoosha mkono, akaushika mkono wa mama yake taratibu kabla haujafika mdomoni.

"Mama, kuku hawa sikuwachinja mimi."

Mama akarudisha kile kipande kwenye bakuli. Hakumuuliza mwanawe nani kachinja. Alinitazama mimi.

"Mimi, Mama," nikasema.

Na hapo, kwa kuwa sikujua kufanya kitu kingine maishani, nikaanza kufundisha. Nikasema nilielekea kibla. Nikasema nilitaja jina la Mungu. Nikaeleza watu wa Kitabu ni akina nani. Nikasema wanazuoni fulani wameruhusu, na nadhani nilitaja hata namba ya ukurasa. Yule dada Mhindu, aliyekuwa anakula meza ya pili, aliinamisha kichwa kwenye sahani yake kwa kunionea aibu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijasoma," akasema. "Kitabu sijakuuliza. Nimekuuliza nani kachinja, ukasema mwanangu. Kwa nini?"

Kwa swali hilo sikuwa na kadi.

"Nilitaka ufurahi, Mama."

"Nilikuwa nimefurahi," akasema. "Nimemwona mwanangu stendi, kalowa, ananingoja." Akalisogeza bakuli pembeni. "Kuku wangekuwa hai, ningekataa kungoja? Toka asubuhi nangoja kwenye tope."

Yule dada Mhindu akainuka, akaleta choroko zake alizopika pembeni, kwa kuwa yeye hakula nyama kabisa. Mama akala choroko na ugali, akamshukuru, akamuuliza habari za wazazi wake. Mimi hakunisemesha tena. Kuku hakuna aliyewagusa. Hata Wakristo wenzangu waliona haya. Jioni mpishi aliwabeba na sufuria yake kwenda nyumbani kwake, akapita mbele yangu akisema wajukuu wake leo Mungu amewakumbuka.

Kabla ya magharibi niliingia chumbani nikamkuta Shehe anakunja mashati. Begi lilikuwa wazi kitandani.

"Amesema mnaondoka?"

"Bado hajasema. Lakini nijiandae."

Nikakaa. Nikamwomba msamaha, na safari hii sikutaja mwanazuoni yeyote. Nikamwambia juu ya viatu.

"Viatu?" akauliza.

"Viatu."

Akaviangalia pale mlangoni, vimekauka na tope. "Tena si vizuri," akasema, akaendelea kukunja mashati. Hakucheka, nami sikucheka. Niliumia sana. Nilikuwa nimemharibia mtu mwema jambo pekee alilolitaka, kwa sababu ya kiatu, na usiku kucha nilisikia anajigeuza kitandani.

Jumamosi asubuhi niliwasindikiza stendi. Nilibeba kikapu cha mama, Shehe akabeba begi lake. Nilikuwa nimevaa kandambili, na tope lilinifika vifundoni. Basi lilikuwa tayari, kondakta anapanga mizigo juu. Shehe akamkabidhi kikapu, kisha akataka kumkabidhi na begi. Mama akamshika mkono.

Akaanza kusema kwa Kimwera. Alisema kirefu, kwa utulivu, na mara kwa mara alinielekezea kidevu. Niliambulia neno moja moja: nyumba, watu, kuku. Kuku nililisikia mara tatu. Shehe alijibu kidogo, akatazama chini, na nikaona anazuia jambo usoni, sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Mwambie," mama akasema kwa Kiswahili.

"Mama, si lazima."

"Mwambie mwenzako."

Shehe akaweka begi chini. "Mama anasema alikuja akiogopa kwamba mtaniharibu. Anasema amefika, ameona, haogopi tena. Anasema nibaki nimalize."

Nilifurahi mno, nikaanza kumshukuru, nikamwita Mama mara nne katika sentensi moja. Shehe akainua mkono.

"Sijamaliza. Anasema nibaki kwa sababu yako. Anasema mtu aliyesoma kiasi hicho na bado anadanganya habari za kuku hawezi kuachwa peke yake. Lazima akae na mtu wa kumwangalia."

Mama alitikisa kichwa kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi. Hakuwa anatania. Alinitazama kwa huruma kabisa, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye ndugu zake wako mbali. Nikainama, nikamwamkia tena, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Marahaba," akasema. "Msikilize mwenzako."

Basi likaondoka. Nikamwomba Shehe nimbebee begi, akanipa, tukapanda kilima.

Tangu siku ile kila barua iliyotoka Likunja, baada ya salamu na habari za mikorosho na ufuta, iliuliza: yule mwenzako anaendeleaje? Shehe alinisomea swali hilo kila lilipokuja, kisha akakaa mezani kumjibu mama yake palepale mbele yangu, bila kuificha karatasi. Barua ya mwisho kabla hatujamaliza chuo nilimwona akiiandika polepole, nikasoma juu ya bega lake.

"Mwenzangu hajambo," aliandika. "Wiki hii amedanganya mara moja tu, tena amekuja kuniambia mwenyewe."